Je, Wajua? Pumzi ni ya Kupokezana

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika na hata haikumbuki. Wakazi wa Nakuru, Baringo, Naivasha na Suswa wana mila nyingi za kuikumbuka: huipuliza kwenye pembe, huisikiliza katika chafya ya mtoto, huitoa pamoja na mate ya baraka, huitafuta kwenye mvuke wa milima. Leo tunapita haraka haraka katika mambo ya hakika kuhusu pumzi na roho, tukianzia hapa Bonde la Ufa kisha tutoke nje. Jambo moja litajirudia kila tunakokwenda: pumzi hupewa mtu na mwenzake, naye ana deni la kumpa mwingine.

ARDHI INAYOPUMUA

Je, wajua kwamba mvuke wa Menengai husimuliwa kuwa roho za watu? Katika karne ya 19 Wamaasai wa Purko na wa Laikipiak walipigana vita vikali. Masimulizi yanasema morani wengi wa Laikipiak waliangamia kwenye shimo la Menengai, na mvuke unaofuka kutoka miambani ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni. Agikuyu nao waliuita mlima huo Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu.

Je, wajua jinsi mvuke huo unavyopatikana? Mvua inayonyesha kwenye miinuko ya Bonde huzama ardhini, hukutana na miamba yenye moto mkali, kisha hurudi juu kupitia nyufa. Menengai yenyewe ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na ukingo wake unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Wachimbaji wa visima vya jotoardhi, walioanza kazi humo mwaka 2011, walifika kwenye miamba iliyoyeyuka wakiwa na kina cha takriban kilomita mbili tu.

Je, wajua kwamba watu huenda Menengai kufunga na kuomba? Mapango ya huko yamekuwa mahali pa maombi kwa Wakristo wa makanisa mbalimbali. Wengine hukaa siku kadhaa bila chakula, wakiimba na kusali. Hivyo mlima unaosimuliwa kuwa na roho za waliokufa umekuwa pia mlima wa walio hai wanaomsubiri Roho Mtakatifu.

Je, wajua kwamba harufu ya chemchemi imewahi kutajwa mbele ya Tume ya Afrika? Waendorois wa Baringo wanaamini kwamba wazee wao walizama ziwa Bogoria lilipotokea, na kwamba roho za Waendorois wote huishi humo, hata mtu awe amezikwa wapi. Kila msimu maji hubadilika kuwa mekundu na chemchemi za moto hutoa harufu kali. Kwao hiyo ni ishara kwamba wakati wa kuwafanyia wazee tambiko umefika. Mwaka 1973 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama na Waendorois wakaondolewa. Walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakaeleza habari za ziwa, maji mekundu na harufu. Uamuzi ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010 uliwapa ushindi. Pamoja na haki ya ardhi, Tume ilisema haki yao ya kuabudu ilikuwa imevunjwa. Ukisimama Bogoria leo, penye chemchemi zinazochemka na kurusha maji juu, mvuke ukikupiga usoni, kumbuka kwamba kwa wenye mahali hapo unapigwa na pumzi ya mababu.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaokunywa mvuke? Eburru na mlima Suswa hazina mito ya kutegemea. Wakazi huweka mabomba juu ya matundu yanayofuka. Mvuke huingia kwenye bomba, hupoa njiani, na upande wa pili maji hutiririka tone kwa tone hadi kwenye pipa au tangi. Watu hunywa, na mifugo hunyweshwa.

Je, wajua kwamba mvuke huo huo huwasha taa? Mtambo wa kwanza wa jotoardhi huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na nchi hii ndiyo inayoongoza Afrika kwa nishati hiyo.

Je, wajua kwamba ardhi inaweza pia kukunyima pumzi? Bonde la Ufa hutoa hewa ya ukaa kutoka chini. Huko Kereita, Lari, hewa hiyo huchimbwa kwa matumizi ya viwanda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukusanyika mabondeni na mashimoni, na haina harufu ya kukuonya. Wazee waliokataza watoto kucheza kwenye mashimo fulani walikuwa na sababu nzuri.

Je, wajua kwamba pumzi ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa? Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mgeni akipanda ngazi hutweta. Akizidi kukaa, mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu na mambo hutulia.

CHAFYA YA MTOTO

Je, wajua kwamba kwa Wakalenjin, mtoto hupata jina la ukoo kwa kupiga chafya? Hii ndiyo mila inayoitwa kurenet, na imeandikwa kwa kina miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi. Kina mama wazee hukusanyika nyumbani kwa mzazi. Mmoja anampakata mtoto, wengine wanaanza kutaja majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine. Ugoro kidogo huwekwa karibu na pua ya mtoto. Anatajwa babu mmoja: kimya. Anatajwa mwingine: kimya. Anatajwa wa tatu, na mtoto anapiga chafya. Basi, mambo yamekwisha. Mzee yule amejibu, amekubali kurudi kupitia mtoto huyu, na kina mama wanashangilia. Tangu siku hiyo mtoto ana mtu wa kumtazama na kumlinda katika ulimwengu wa roho, naye marehemu ana mahali pa kukumbukwa. Mtoto hakuchaguliwa jina na baba wala mama. Pumzi yake mwenyewe ndiyo iliyochagua, mbele ya mashahidi.

Je, wajua tofauti ya jina hilo na Kipkoech au Chelagat? Majina yanayoanza kwa Kip- na Chep- au Che- mara nyingi hueleza wakati au hali ya kuzaliwa: Kipkoech alizaliwa kunapambazuka, Kibet mchana, Chelagat usiku, Kiprono jioni mifugo ikirudi zizini. Hilo linasema ulikuja lini. Jina la kurenet linasema umekuja na nani.

Je, wajua kwamba chafya saba zimo katika Biblia? Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kinasimulia mtoto wa mwanamke Mshunami aliyekufa. Nabii Elisha alijilaza juu yake, mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata joto. Mtoto alipiga chafya mara saba, kisha akafumbua macho. Bibi wa Kikipsigis akisomewa sura hiyo hahitaji maelezo mengi.

Je, wajua kwamba Adamu naye alipiga chafya? Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi inasema kwamba Mwenyezi Mungu alipompulizia Adamu roho, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupiga chafya, akamshukuru Mola wake. Ndiyo sababu Mwislamu wa Bondeni, hapa Nakuru, akipiga chafya husema Alhamdulillahi, na aliye karibu naye humwombea rehema. Kwa hiyo chafya ya mmoja hugeuka kuwa dua ya wawili.

Je, wajua kwamba roho hupulizwa siku ya 120? Katika mafundisho ya Kiislamu, kwa mujibu wa hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mimba hupita hatua tatu za siku 40 kila moja, ndipo malaika hutumwa kuipulizia roho.

Je, wajua kwamba Agikuyu walitangaza mtoto kwa pumzi? Jomo Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1938, kwamba vigelegele vilipigwa mara tano mtoto akiwa wa kiume na mara tatu akiwa wa kike. Majirani walihesabu wakiwa shambani, wakajua kabla ya kuambiwa.

MATE NA BARAKA

Je, wajua kwamba mgeni aliombwa atemee watu mate? Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita Naivasha na Baringo mwaka 1883, alikuta kwamba kwa Wamaasai kutemea mtu mate ni kumtakia heri kubwa. Kwa kuwa walimdhania laiboni, yaani mwaguzi, mwenye nguvu, walimjia wakitaka awatemee. Alieleza hayo katika Through Masai Land, kitabu cha mwaka 1885.

Je, wajua kwamba desturi hiyo ingali hai? Mzee wa Kimaasai hutema mate kidogo juu ya mtoto mchanga ili kumbariki. Baba humtemea binti yake anapoondoka kwenda kuolewa. Mate hayo hutoka pamoja na pumzi na maneno ya heri, na mpokeaji hayafuti. Nchi ni kavu, mvua ni ya kuomba, na mzee anampa mtoto unyevu wa kinywa chake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Wanandi waliamkia jua kwa namna hiyo? A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba wazee wa Kinandi waliomba asubuhi wakitema mate kuelekea jua linapochomoza. Kwa Wakalenjin, Asis, Mungu anayehusishwa na jua, ndiye aliyetoa uhai, basi asubuhi hurudishiwa kidogo cha kile alichotoa.

Je, wajua kwamba wazee wa Agikuyu pia hubariki kwa mate? Hutema mate machache kifuani au kiganjani wakati wa kutoa baraka, na kwenye sherehe pombe ya muratina inaweza kupulizwa kwa mdomo juu ya wanaobarikiwa. Jamii ambazo zimewahi kugombana kwa ajili ya ardhi ya Nakuru zinabariki kwa ishara moja. Hilo lingefaa kufundishwa shuleni.

Je, wajua kwamba moshi nao hubeba sala? Wakipsigis walikuwa na mahali pa ibada juu ya vilima, kapkoros, ambapo moto uliwashwa kwa matawi mabichi teule. Moshi mweupe ulipopanda wima, sala ilikuwa imepokewa vizuri.

Je, wajua kwamba pumzi hiyo hiyo huogopwa? Kinywa kinachobariki ndicho kinacholaani, na laana ya mzee aliyedhulumiwa inaogopwa katika jamii zote za Bonde. Kurani nayo, katika Suratul Falaq, inamfundisha muumini kujikinga na shari ya wanaopuliza mafundoni.

Je, wajua sunna ya kupuliza kabla ya kulala? Bi Aisha alisimulia kwamba Mtume alikuwa akikutanisha viganja, akipulizia ndani yake na kusoma Ikhlas, Falaq na Nas, kisha akijipangusa mwili. Wazazi wengi Waislamu huwafanyia watoto wao vivyo hivyo. Pwani, maji ya mgonjwa husomewa dua na kupuliziwa, na aya zilizoandikwa kwa zafarani huoshwa zikawa kombe la kunywa.

Je, wajua kwamba askofu hupulizia mafuta? Katika Misa ya Krisma, wakati wa Juma Kuu, askofu Mkatoliki huchanganya mafuta na marashi, huinama juu ya chombo, kisha huvuvia pumzi yake ndani kabla ya kuyaweka wakfu. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzishwa mwaka 1968, na kila mwaka mafuta hayo husambazwa katika parokia zake zote. Mtoto anayebatizwa, kijana anayepewa kipaimara, padri anayepewa daraja: kila mmoja hupakwa mafuta yaliyopitiwa na pumzi hiyo. Chimbuko liko katika Injili ya Yohana, sura ya 20, pale Yesu mfufuka anapowavuvia wanafunzi.

PEMBE, KOO NA ZIKRI

Je, wajua mnyama mmoja anayewaunganisha Wamaasai na Wayahudi wa Yemen? Ni tandala mkubwa, mwenye pembe ndefu zilizojisokota. Wamaasai hupuliza pembe yake kuwaita morani kwenye sherehe ya eunoto, wanapovuka kwenda utu uzima. Wayahudi wa Yemen huipuliza kama shofar, baragumu ya mwaka mpya na ya kuamsha toba. Na tandala mkubwa mwenyewe? Mmoja wa wanyama wanaoipa sifa hifadhi ya Ziwa Bogoria ni huyo.

Je, wajua kwamba Wamaasai huimba bila ngoma? Kiongozi, olaranyani, hutoa wimbo. Wenzake humwekea mdundo kwa koo na kifua, wakivuta na kutoa pumzi kwa pamoja huku shingo zikienda mbele na nyuma. Wote wasipopumua pamoja, wimbo hakuna.

Je, wajua kwamba huko Lamu pumzi ilikuwa alama ya utawala? Siwa, yaani baragumu ya heshima, ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu ikafuliwa kwa shaba. Zilipulizwa katika sherehe za watawala na harusi za wenye hadhi, na zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Je, wajua zikri ya kukohoa? Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alieneza tarika ya Qadiriyya hadi Zanzibar, na kutoka hapo ikaingia bara. Wafuasi husimama kwa safu au duara, wakilitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa pumzi nzito inayotoka kifuani, mwili ukiinama na kuinuka, mpaka sauti za watu wengi ziwe mvumo mmoja. Bagamoyo ikawa kituo chake kikubwa.

Je, wajua asili ya Waakorino? Wale waumini wenye vilemba vyeupe wanaoonekana sana Nakuru walianza miongoni mwa Agikuyu katika miaka ya 1920. Roho akiwashukia, hutetemeka na kupumua kwa nguvu. Kenyatta aliwaeleza katika kitabu kile kile cha 1938 kwa jina la Watu wa Mungu.

Je, wajua kwamba dunia itaisha kwa pumzi? Katika Uislamu parapanda itapulizwa na viumbe watakufa, kisha itapulizwa tena nao watafufuka. Mapokeo yanamtaja Israfil kuwa malaika mpulizaji. Katika Ukristo pia, Paulo anafundisha kwamba wafu watafufuliwa kwa parapanda ya mwisho.

NG'AMBO: MCHELE MMOJA, MAPISHI MBALIMBALI

Je, wajua udongo na pumzi vinakutana wapi? Katika Mwanzo sura ya 2, Mungu anampulizia mtu wa mavumbi puani. Katika Kurani, Adamu anaumbwa kwa udongo na kupuliziwa roho. Kwa Wayoruba wa Nigeria, Obatala hufinyanga mwili na Olodumare hutia pumzi. Kwa Wamaori wa New Zealand, Tāne alimfinyanga mwanamke wa kwanza, Hineahuone, akampulizia puani. Ndiyo maana Wamaori husalimiana kwa hongi: pua kwa pua, paji kwa paji, wakishiriki pumzi. Aliyesalimiwa hivyo si mgeni tena.

Je, wajua hesabu ya 21,600? Maandiko ya yoga yanasema mtu hupumua mara 21,600 kwa siku, na kila pumzi ni sala inayojisali yenyewe. Gawanya kwa dakika 1,440 za mchana na usiku: unapata 15 kamili kwa dakika, ndani ya kiwango ambacho hospitali hukihesabu kuwa cha kawaida. Wahindu waliofuata reli hadi Nakuru walikuja na elimu hiyo pamoja na maduka yao.

Je, wajua kwa nini michoro ya Misri ya kale huonyesha msalaba wenye kitanzi puani mwa farao? Hiyo ni ankh, alama ya uhai. Miungu humwelekezea mfalme puani ili avute pumzi ya uzima. Maiti nayo ilifanyiwa ibada ya kufunguliwa kinywa, ipate kupumua na kula akhera.

Je, wajua kwamba Wanavajo wa Marekani huiona pumzi vidoleni? Wanasema mistari inayozunguka kwenye ncha za vidole ni njia ya Upepo Mtakatifu ulipoingia mwilini.

Je, wajua kwamba kuna wanaofunika mdomo kwa heshima? Kuhani wa Kiparsi huvaa kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiuchafue moto mtakatifu. Zanzibar ilikuwa na jamii ya Waparsi na hekalu lao, na Freddie Mercury alizaliwa huko mwaka 1946 katika familia ya dini hiyo. Watawa wa madhehebu kadhaa ya Kijaini, dini yenye wafuasi pia Kenya, hufunika mdomo ili wasidhuru wadudu wadogo wa hewani.

Je, wajua kwamba Warumi waliidaka pumzi ya mwisho? Ndugu wa karibu aliinama akambusu anayekata roho, ili pumzi ile ya mwisho isipotee bali ibaki katika familia.

Je, wajua kwamba Wadinka wa Sudan Kusini walikataa kiongozi wao afe hivi hivi? Godfrey Lienhardt alieleza katika kitabu cha mwaka 1961 kwamba kiongozi wa dini, bwana wa mkuki wa kuvulia samaki, alibeba uhai wa watu wake wote. Akifa kitandani akiwa dhaifu, pumzi yake ingeondoka na uhai wao. Kwa hiyo alipozeeka aliomba mwenyewe kuzikwa akiwa bado anapumua, watu wakiimba kandokando bila kulia. Ni mila nzito kuisikia leo, lakini ndani yake mna fikra tuliyoikuta kwa Wakipsigis na kwa Warumi pia: pumzi ya mzee ni mali ya jamii.

DAKIKA YA KWANZA

Je, wajua kwamba mtoto mmoja kati ya kumi hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua? Wengi huitikia wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache huhitaji kusukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa ndogo. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa kimataifa wa kuwafundisha wakunga kazi hiyo, Helping Babies Breathe, baada ya kujaribiwa Kenya na Pakistan. Kanuni yake ni dakika ya dhahabu: ndani ya sekunde 60 mtoto awe anapumua mwenyewe au anapumuliwa na mwingine. Mkunga anamfunika mtoto pua na mdomo kwa barakoa, anaminya mfuko taratibu na kutazama kifua. Kikiinuka, anaminya tena.

Je, wajua kwamba nawe unaweza kutoa pumzi? Katika miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar walithibitisha kwamba hewa tunayotoa mapafuni ina oksijeni ya kutosha kumweka mtu mwingine hai: takriban asilimia 16, ukilinganisha na 21 ya hewa ya kawaida. Aliyefunzwa hubonyeza kifua cha mtu mzima mara 30, humpulizia mara mbili, kisha huanza tena hadi msaada ufike. Asiyefunzwa abonyeze kifua tu, kwa nguvu na kwa haraka, wala asiache.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha huduma ya kwanza, na mafunzo ya msingi hayahitaji cheti cha udaktari. Katika Bonde hili kuna maziwa ambamo watu huzama, barabara kuu ambayo ajali ni nyingi, na wodi za kujifungulia zinazojaa usiku. Wazee wetu walitupa pumzi zao kwa mate ya baraka, kwa majina na kwa dua. Sisi tumeongezewa ujuzi juu ya hayo yote. Jiandikishe ujifunze, uwafundishe na wa nyumbani kwako, ili siku mtu akikatikiwa na pumzi mbele yenu awepo wa kumpa ya kwake.